Hereni ya Arobaini na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa mifugo amenikabidhi daftari la serikali lenye mistari kumi na miwili, na safu ya mwisho imeandikwa "Maelezo". Safu yenyewe upana wake vidole viwili. Nikamuuliza, mtu akiwa na la kusema zaidi ya vidole viwili anaandika wapi? Akasema niandike kwa ufupi. Mimi na ufupi tulishagombana zamani, ndiyo maana nimenunua hili la kwangu, kurasa mia moja, kwenye kiduka cha mbele ya geti kabla halijafungwa nyuma yangu.

Basi na tuanze. Mitamba kumi na wawili wa kikundi chetu wameteremka leo saa nne asubuhi katikati ya mvua. Wametoka ng'ambo ya mpaka, siku mbili ndani ya lori. Wote weusi wenye mabaka meupe, wote wana mimba changa, wote wana hereni ya plastiki ya njano sikioni yenye namba ndefu kuliko jina langu na la baba yangu ukiyaunganisha. Namba hizo zinatofautiana mwisho tu: arobaini na moja mpaka hamsini na mbili. Daktari alisimama chini ya mwavuli akazisoma moja moja. Namba ya sikioni lazima ifanane na ya cheti cha afya cha kule walikotoka, na ya cheti ifanane na ya kibali cha huku. Tarakimu moja ikipinda, mnyama anarudishwa. Hazikupinda. Sasa watakaa hapa karantini siku thelathini, watapimwa damu, na wakiwa safi ndipo waende nyumbani.

Na mimi nakaa nao. Sheria inataka mtu mmoja wa kikundi awepo ndani ya uzio siku zote thelathini bila kutoka, maana anayeingia na kutoka hubeba magonjwa miguuni. Mwenyekiti wetu, ambaye ni dada wa mume wangu, alinitaja mimi mbele ya wanachama wote bila kuniuliza. Alisema wifi yake ana mkono wa ng'ombe. Wifi akikusifu, angalia kwanza anakutuma wapi.

Jumanne, 5 Machi

Damu imetolewa. Daktari ni msichana tu, mtoto wa juzi, anaongea kwa sauti ya chini mpaka unamwinamia. Nikasema moyoni huyu atapigwa teke leo. Wapi! Alipata mshipa wa shingo mara moja kwa kila mmoja, chupa kumi na mbili, kila chupa akaiandika namba ya hereni palepale. Sikumsifu. Ni mapema mno.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Joto la wote liko sawa asubuhi na jioni.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimefanya kazi, na nimefanya ujinga.

Wawili walikuja na masikio mabaya. Hereni zilipigwa haraka haraka kabla ya safari, vidonda vikavimba, leo nikaona vinatoa usaha na nzi wameshahamia. Mmoja nimempa jina la Bi Mkubwa, kwa sababu hasukumani na mtu horini. Anasubiri wenzake washibe ndipo anakuja taratibu, na ukipita karibu anakuwekea kidevu begani. Wa pili ni Kiherehere. Huyo mpaka kwenye maji ya kuoshea vyombo ameshatia mdomo.

Daktari leo yuko mjini, kapeleka zile chupa maabara. Ningengoja? Ng'ombe ananitazama na sikio linaoza, nami nimekamua tangu nina meno ya utoto. Nikachukua kisu, nikakata shina la hereni ya huyu, nikakata na ya yule, nikawaosha masikio kwa maji ya chumvi, nikapaka dawa. Hereni zenyewe zilikuwa na damu na uchafu, nikazitumbukiza zote mbili kwenye beseni moja, nikazisugua kwa brashi mpaka zikang'aa. Ndipo nikasimama na hereni mbili safi mkononi, arobaini na saba na hamsini na mbili, na sijui ipi ya nani.

Nimewajua wote kumi na wawili kwa sura tangu siku ya kwanza. Lakini namba? Nani anamtambua jirani yake kwa namba ya kitambulisho? Nikakimbilia nakala ya cheti cha afya. Mtu wa kule ameandika "nyeusi na nyeupe" mara kumi na mbili, akaenda kula.

Mwishowe Bi Mkubwa nikamfunga hamsini na mbili kwa uzi wa kushonea magunia, kwa kuwa mtu mzima anastahili namba kubwa. Kiherehere akapata arobaini na saba. Namba ni namba, ng'ombe ni ng'ombe.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari ameuona uzi. Alinigombeza kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele. Hereni ya karantini haiguswi na mtu yeyote ila yeye. Alizifunga upya kwa koleo yake, kwenye tundu jipya mbali na kidonda. Kisha akafungua daftari lake, akaniangalia.

"Mama, una hakika kila moja imerudi kwa mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika, akatia sahihi. Ningesema nini? Kwamba mimi mwenye mkono wa ng'ombe nimechanganya hereni kwenye beseni kama vijiko? Midomo ikawahi kabla ya akili.

Jumapili, 10 Machi

Masikio yanapona vizuri. Yote mawili.

Jumatano, 13 Machi

Nimelizoea hili banda. Mvua inagonga bati, wao wanacheua, mimi nimekaa juu ya ndoo na chai yangu. Mlinzi wa geti tunamwita Kanyaga, kwa sababu mbele ya geti kuna karai kubwa la dawa na kazi yake ni kumwambia kila anayekuja "Kanyaga!" Jana amemshika kuku wa mwenye kiduka, akamtumbukiza miguu yote miwili, akamwambia sheria haina jamaa. Nimecheka mpaka Bi Mkubwa kageuka.

Baba Watoto alipiga simu. Banda letu la nyumbani linakwenda, nguzo zimesimama. Nilimuuliza hori kaliweka urefu gani, akasema urefu wa kifua. Kifua cha nani, nikamuuliza. Akasema cha kwake. Mume wangu ana kimo cha mlingoti. Nimemwambia alishushe.

Jumamosi, 16 Machi

Wanachama walikuja kupiga kura ya kugawana. Hawaruhusiwi ndani, kwa hiyo walisimama upande wa pili wa uzio na miavuli, Mwenyekiti akapitisha kofia yenye vikaratasi. Kila mtu anachukua namba moja, na mtamba mwenye namba hiyo ndiye wake.

Mimi nimepata arobaini na saba. Mwenyekiti amepata hamsini na mbili.

Kwa maneno mengine mimi nimepewa Kiherehere, naye wifi amepewa Bi Mkubwa. Aliponiuliza kupitia uzio, mtamba wake ni yupi, nikamwonyesha. Akamtazama na kusema, "Mh, huyu kapooza." Kapooza! Bi Mkubwa! Nimeumia mwenzenu. Mnyama nimemlisha kwa mkono, anakwenda kwa mtu atakayemwita kapooza.

Jumatatu, 18 Machi

Wivu hauna dawa. Nimempa Bi Mkubwa pumba mara mbili leo. Kiherehere kaona, kalia kama anayechinjwa.

Alhamisi, 21 Machi

Majibu ya damu yamerudi. Kumi na mmoja safi. Namba arobaini na saba ina shaka.

Shaka ya ugonjwa wa kutupa mimba, ule madaktari wanaouita brusela. Daktari alinieleza polepole, nami safari hii nilimwinamia bila kununa. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu unaweza kumwona mzima kabisa. Hakohoi, hana joto. Anakuja kutupa mimba miezi ya mwisho, na siku hiyo anawamwagia wenzake wote ugonjwa. Binadamu akinywa maziwa yake mabichi anapata homa isiyokwisha, leo ipo kesho haipo, mwaka mzima. Mnyama aliyethibitika hatibiwi, anaondolewa.

Akaniambia arobaini na saba atatengwa zizi la pembeni leo hii na kutolewa damu upya. Akamkamata Kiherehere kwa kamba, akampeleka.

Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji, ingawa yaliyokuwepo yalitosha.

Ijumaa, 22 Machi

Kiherehere analia huko pembeni kutwa. Joto la wote liko sawa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kubwa. Nimeosha banda, nimeoga, nimeosha banda tena. Bi Mkubwa akaniwekea kidevu begani, nikamsogeza. Kisha nikamrudia.

Ijumaa, 29 Machi

Daktari amekuja anakimbia, miguu yake ya mabuti inarusha matope, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Arobaini na saba ni safi. Damu ya pili haina shaka yoyote. Akasema kipimo cha kwanza hukosea mara chache, na safari hii lazima kilikosea. Kiherehere amerudishwa kwa wenzake. Alhamisi ijayo, tarehe 4, wote kumi na wawili wanaondoka. Nilimpigia wifi nikampa habari, akapiga vigelegele vikanipasua sikio, akaanza kuita lori kabla hata hajakata simu.

Kanyaga amecheza kwenye mvua. Mimi pia nilipiga makofi. Ilibidi.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika ili nione kama inabadilika nikiiandika.

Damu ya kwanza ilitolewa tarehe 5. Hereni nilizikata tarehe 7. Chupa iliyotia shaka ilijazwa kutoka kwa mwenye arobaini na saba wa kweli, kabla mkono wangu haujagusa kitu. Damu ya pili imetoka kwa mwenye arobaini na saba wa kwangu mimi, wa beseni. Kama nilipatia siku ile, basi kipimo kilikosea na hakuna neno. Kama nilikosea, yule mwenye shaka hajapimwa tena na mtu yeyote. Yuko hapa anacheua, na Alhamisi anapanda lori na wenzake kumi na mmoja.

Haibadiliki.

Jumapili, 31 Machi

Nimekaa juu ya ndoo tangu asubuhi. Nimeyageuza upande huu na ule.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Karatasi zote zinafanana. Kikundi kimechanga miaka mitatu, wanawake wameshakata majani, mabanda yamesimama. Nikisema, ng'ombe wawili hawana utambulisho, na asiye na utambulisho sheria haimjui. Wanaweza kurudishwa wote wawili, au kuchinjwa, au kundi zima likaanza siku thelathini upya.

Halafu kuna lile jingine, na hili daftari ni langu, basi nitaliandika. Nikinyamaza, mimi nakwenda nyumbani na Kiherehere, ambaye amepimwa mara mbili. Kama kuna mgonjwa, anakwenda kwa wifi. Aliyenichagua bila kuniuliza. Aliyemwita Bi Mkubwa kapooza. Mungu anisamehe, kwa muda wa nusu saa hesabu hiyo ilinipendeza.

Kisha nikawakumbuka wajukuu zake watatu.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilimsubiri Daktari kwenye karai la dawa. Hata hajamaliza kukanyaga nikaanza. Nikamwambia yote, kisu, beseni, brashi, namba kubwa kwa mtu mzima. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alikaa kwenye ndoo yangu, akavua kofia, maji yakamchuruzika shingoni.

"Ile 'ndiyo' uliyonijibu siku ile, mama, niliitia sahihi yangu," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Tangu tarehe 7 nilikuwa najihesabia kosa la hereni mbili. Sikuwa nimeona kwamba nilimkabidhi na mtoto wa watu uongo akautia jina lake.

Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa nini nimesema leo, wakati ningenyamaza siku tatu tu asingejua maisha yake yote. Nikamjibu kwamba wajukuu wa wifi yangu wanakunywa maziwa yakiwa bado na povu la kukamuliwa. Nimewaona mara nyingi, wanapanga foleni na vikombe.

Akainuka. Akasema maabara huwa wanatunza damu ya kwanza, kwa hiyo atawatoa wote wawili damu upya leo na kuomba zilinganishwe na zile chupa za tarehe 5. Damu itasema nani ni nani, na kama kuna mgonjwa itasema pia. Lori lisimame. Barua ya kujieleza kwa mkubwa wake ataiandika yeye, na mimi nitaandika ya kwangu nyuma yake. Nikamuuliza kama atafukuzwa kazi. Akasema hajui, na akaenda kutafuta sindano.

Nilimwita mtoto wa juzi. Nafuta.

Jumanne, 2 Aprili

Wifi alifika saa tatu kamili akasimama kwenye uzio bila mwavuli. Nikamweleza kama nilivyomweleza Daktari, ile nusu saa ya Jumapili tu ndiyo sikuitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilinitisha, maana katika miaka ishirini na miwili ya uwifi hajawahi kuniacha nifike mwisho.

"Watu kumi na wawili tumechanga miaka mitatu," akasema, "halafu wewe unatuchanganya kwenye beseni."

Akaondoka. Hakuaga. Kanyaga alimwita arudi akanyage dawa ya kutokea, akapita kama hamsikii. Ni mtu wa kwanza kumshinda.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo ndiyo tungeondoka. Mvua. Joto la wote liko sawa.

Jumamosi, 6 Aprili

Baba Watoto kapiga. Dada yake kampigia jana usiku, kamwambia kaoa maafa. Nikamuuliza kamjibu nini. Kasema kamjibu kwamba anajua, na kwamba hori ameshalishusha.

Jumanne, 9 Aprili

Majibu.

Kiherehere ni hamsini na mbili. Damu yake imefanana na chupa ya hamsini na mbili ya tarehe 5, na ni safi, haina neno.

Bi Mkubwa ni arobaini na saba. Na ni mgonjwa, imethibitika mara mbili kwa vipimo viwili tofauti.

Kura ilipigwa kwa namba. Arobaini na saba niliichukua mimi kwa mkono wangu kwenye kofia. Nilimwonea wifi wivu wa ng'ombe wiki tatu nzima, kumbe ng'ombe alikuwa wangu.

Jumatano, 10 Aprili

Wamemchukua saa mbili asubuhi. Daktari aliniuliza kama nataka nikae chumbani, nikakataa. Nilimfunga kamba mwenyewe. Hakusumbua, alipanda taratibu kama anavyofanya kila kitu. Gari lilipowasha akageuza shingo kunitafuta.

Nimelia kwa sauti. Sioni haya kuandika. Kanyaga alinipa mgongo ili nilie vizuri, akamwaga dawa ya zamani, akaweka mpya, akapiga deki mpaka ukuta.

Kumi na mmoja waliobaki wanaanza siku thelathini upya leo. Na mimi nao.

Jumapili, 14 Aprili

Mkubwa wa Daktari alikuja jana. Amesoma barua zote mbili. Ya kwangu ilikuwa kurasa sita, akaniambia hajawahi kuona maelezo ya namna ile. Daktari amepewa onyo la maandishi na kazi yake anayo. Alipoondoka, Daktari akapumua mpaka mabega yakashuka, akaniomba chai. Tumekunywa wote wawili tumekaa kwenye ndoo. Kumbe ni mcheshi. Ana mama mwenye umri wangu ambaye naye, kasema, hajawahi kukubali kwamba amekosea. Nikamwambia ampe muda.

Alhamisi, 18 Aprili

Kazi mpya. Daktari ameona kwamba kama vyeti vingekuwa na picha ya mabaka, beseni langu lisingemdhuru mtu, maana hakuna mitamba wawili wenye mabaka sawa. Akaniuliza naweza kuchora? Nikasema siwezi, ila nawajua. Amechora yeye umbo tupu la ng'ombe, upande wa kushoto na wa kulia, amenipa nakala ishirini na mbili. Mimi najaza mabaka. Kiherehere ana baka begani lenye umbo la pasi, na jingine paja la kulia kama mtu kamwagikiwa uji.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemaliza michoro. Daktari ameipitia banda zima, mnyama kwa mchoro, hakukosa hata mmoja. Ameibana kwenye faili kubwa nyuma ya kila cheti. Ameniambia nitie sahihi yangu kila ukurasa, yangu mimi. Nimetia mara ishirini na mbili, na kila mara niliangalia kwanza ng'ombe ndipo nikaangalia namba.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua zinapungua. Majani nyuma ya uzio yamefika kiunoni. Nilidhani sitampenda Kiherehere kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki, lakini mnyama hana hatia. Leo kaiba kofia ya Kanyaga kichwani, katafuna ukingo. Kanyaga kataka niandike kwenye daftari la serikali. Nimeandika, safu ya Maelezo, vidole viwili: "Hamsini na mbili ana hamu ya kula."

Jumatano, 1 Mei

Joto la wote liko sawa. Mimi pia.

Alhamisi, 9 Mei

Wote kumi na mmoja safi. Damu, kifua kikuu, ngozi, masikio, kila kitu. Daktari alinisomea majibu namba kwa namba, nami baada ya kila namba nilimtajia nani huyo na amesimama wapi. Tulipofika mwisho akafunga faili akanikumbatia, na harufu yake yote ilikuwa ya dawa.

Jumamosi, 11 Mei

Tumefika. Wanachama walikuwa barabarani wote, kila mmoja na kamba yake. Kiherehere alikuwa wa kwanza kuteremka, nani angemzuia? Mwenyekiti alisoma namba, mimi nilishika mchoro kuhakikisha, kila mtu akaondoka na wake, naye wifi na Kiherehere. Watu walinisalimia vizuri, wengine kwa mikono miwili, wengine kwa kichwa tu. Wifi alinisalimia kwa kichwa.

Mimi nilikwenda nyumbani na begi langu. Baba Watoto alinionyesha banda, nguzo, bati, sakafu yenye mteremko wa maji, na hori la kimo sahihi kabisa. Nikamwambia ni banda zuri kuliko yote niliyoyaona, na ni kweli. Tulisimama ndani yake wawili, hatuna la kutia. Akasema tutachanga tena. Nikasema tutachanga. Sikuwa na huzuni ile niliyoitegemea. Nilikuwa nimechoka na nina amani, nikalala mchana kama mtoto.

Jumapili, 12 Mei

Saa kumi jioni nikasikia mtu anagombana na ng'ombe njiani. Nikatoka. Wifi anakuja, kamba mkononi, na Kiherehere mbele anamburuta.

Akamwingiza bandani moja kwa moja bila hodi. Akasema banda lake linavuja. Nikamwambia banda lake lina bati jipya, nililiona jana kutoka barabarani. Akasema yeye ndiye mwenye banda na amesema linavuja. Ng'ombe atakaa hapa kwa sababu hapa kuna mtu anayemjua. Maziwa ya asubuhi ni yangu, ya jioni ni yake, ndama wa kwanza jike ni wangu. Na asisikie neno shukrani, maana hasira zake bado anazo zote, hajapunguza hata moja.

Nikamfungulia Kiherehere njia ya kufika horini. Kisha nikaona haitafaa, ng'ombe hawezi kusimama hapa juu ya kitu nilichokificha. Nikamwambia habari ya ile nusu saa. Kwamba nilikaa juu ya ndoo nikajua mgonjwa anaweza kwenda kwake, na kwa nusu saa nikaona sawa tu.

Wifi alikuwa anaifunga kamba kwenye nguzo. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Nusu saa?" akasema. "Mimi ningekaa siku nzima."

Kisha akaniuliza maji ya kumnywesha ng'ombe wetu yako wapi, nikaenda kuyateka.